Maji Aliyoyabakisha Kashata

Kengeja, Ijumaa. Mvua tangu alfajiri.

Ulimi wa paka kwenye maji. Chap, chap, chap, kimya kidogo, kisha chap tena. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kabla ya adhana, na leo ni asubuhi ya tatu ninaamka na kuisubiri.

Majirani wameingiza karafuu ndani, majamvi yamekunjwa, njia tupu. Nyumba hii ina vyumba vinne na mtu mmoja.

Kashata alikuwa paka wa bibi yangu. Bibi akiweka maji ya udhu katika bakuli la bati, na kila alfajiri alimwinamishia Kashata anywe kwanza, kisha yeye akatawadha kwa yaliyobaki. Nilipokuwa mdogo nilikereka. Bibi akanambia paka hana najisi, ni mtu wa nyumbani. Alipofariki, mwaka juzi, Kashata alikataa kunywa katika chombo kingine chochote. Basi nikalirithi bakuli, na desturi yake nikairithi.

Mwaka huu alizeeka mbio. Meno yakamtoka, nikawa namchambulia samaki miiba na kumpondea kwa vidole. Kitanda kikamshinda kuruka, nikamwekea kigoda apandie. Mchana alilala kwenye jamvi la karafuu la Bi Time, jirani yangu, na jioni alirudi ananukia karafuu mwili mzima.

Mwezi uliopita daktari wa mifugo alikuja kumtazama ng'ombe wa Bi Time. Nikambeba Kashata, nikampelekea. Akamfungua mdomo, akambonyeza mbavu.

"Mwalimu, huyu mzee tu. Uzee sina sindano yake."

Nilimchukia yule mtu siku nzima.

Jumanne niliporudi kutoka skuli nilimkuta kalala kando ya bakuli. Nilimpakata. Alinitazama, akaweka kidevu mkononi mwangu, na kabla ya adhana ya alasiri akawa si wangu tena. Bi Time alinisikia, akaja na jembe begani.

"Unamlilia paka, mwanangu? Haya, lia. Lakini shika na jembe, mimi mgongo sina."

Tulimzika chini ya mkarafuu, nyuma ya jiko. Bi Time akapangusa mikono, akasema paka yule alikuwa mwizi mwenye adabu, akenda zake. Hakuna aliyekuja kunipa pole. Nani atoe pole ya paka?

Sasa niandike lile ninalolionea haya.

Jumatano mama alinipigia kutoka Unguja, kama kawaida yake. Akauliza, "Kashata hajambo?"

Nikajibu, "Hajambo. Leo kala dagaa."

Ulitoka mdomoni bila kikwazo, ule uongo. Tangu bibi afariki mama ananiambia nifunge nyumba, niombe uhamisho, nihamie kwake. Na kila mara nimemjibu: paka wa bibi nitamwachia nani? Lilikuwa jibu zuri, likimnyamazisha. Sikuwahi kumwambia kwamba sitaki kuondoka hapa. Wala sikuwahi kumwambia kwamba kukaa hapa peke yangu kunaniumiza, kwamba kuna siku narudi kutoka skuli na sauti yangu haitoki tena hadi kesho yake. Yote mawili ni kweli, na yote mawili niliyaficha nyuma ya paka mzee asiye na meno.

Alikuwa akifa, nami nikihesabu udhuru wangu unakwisha.

Je, nilimpenda yeye, au nilipenda kuwa na sababu?

Bakuli lilikuwa bado pale pale, nusu ya maji, nimelifunika kwa kawa tangu Jumanne. Nilishindwa kuyamwaga. Leo, adhana ilipotoka, nilikaa nalitazama. Kisha nikafunua, nikatawadha kwa maji aliyoyabakisha Kashata. Yalikuwa baridi. Yalitosha viungo vyote, na tone la mwisho likaishia kisiginoni.

Nikasali. Kulipopambazuka nikampigia mama.

"Kashata kafa," nikamwambia.

"Inna lillahi. Lini?"

"Jumanne."

Akasema, "Na Jumatano akala dagaa."

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio, na mama hakukata simu. Nilipotulia nikamwambia sihami. Nikamwambia pia kwamba ukimya wa nyumba hii umenishinda, na nikamwomba aje yeye, hata wiki mbili. Sijawahi kumwomba mama kitu kama hicho tangu niwe mtu mzima.

Hakukubali, hakukataa. Aliuliza tu kama lile godoro la sufi la bibi bado lipo.

Lipo. Mvua imekatika, jua limetoka kidogo, na nimeshaliburura hadi uani kulianika.