Mwali wa Mbele

Ijumaa, 2 Julai 1954

Mwanawetu kapita uwanjani kwangu makusudi. Njia ya kisimani iko nyuma, kijiji kizima cha Likunja kinajua. Yeye kapita mbele, tena polepole, mjukuu wake kamfunua kichwa ili nywele zionekane. Nywele! Ndevu za mahindi. Wanawake waliokuwa wakipeta ufuta wakaweka ungo chini. Ooo Dionisia, ooo mtoto mzuri, rangi ya asali. Mjukuu wangu Fatu kasimama palepale na ungo wake. Hakuna aliyemwuliza hata umekula.

Baba wa yule mtoto ni Mgiriki wa mashamba ya mkonge, njia ya Lindi. Wenyewe wanamwita Bwana Mkonge. Alimweka Hajira, binti wa Mwanawetu, kama mpishi, na upishi wenyewe tunaujua. Hajira kafa kwa uzazi. Mgiriki kaleta mtoto, blanketi na jina refu kuliko mtoto mwenyewe. Basi, hajaonekana tena. Mwanawetu kalea kwa maziwa ya mbuzi na uji mwembamba. Hilo simnyimi. Lakini kuringa na rangi iliyobwagwa mlangoni kama furushi!

Fatu mweusi, ndiyo. Mweusi wa kung'aa, kama mimi, kama mama yangu. Na baba yake yupo, wanakula sahani moja.

Jumapili, 4 Julai 1954

Kisomo cha wazee. Mwalimu Eustakio kaleta kitabu kipya cha picha. Mtoto mwema – mweupe. Mtoto mvivu – mweusi, kalala mchana, mdomo kama mlango wa ghala. Ukurasa wa mwisho shetani, naye mweusi! Nikamwuliza, mwalimu, aliyechora huyu shetani kamwona wapi? Kasema, bibi, soma maneno, achana na picha. Nikamwambia maneno ndiyo nakuja kujifunza, picha naijua tayari.

Darasa likacheka. Mwanawetu hakucheka. Kasema kwa sauti ya kusikika: mwenye wivu hata kitabu anakionea wivu.

Nimeondoka. Penseli ya mwalimu nimeondoka nayo.

Jumatano, 7 Julai 1954

Nimechafukwa roho leo.

Ufuta umeingia ndani, mwaka huu tunacheza unyago. Wasichana saba. Mwali wa mbele hachaguliwi kwa sura, anatoka kwenye ukoo uliofyeka pori hili, na ukoo huo ni wetu. Wembe unaanza kwake. Jina jipya linaanza kwake. Akizeeka bado ataitwa wa mbele. Mimi nilikuwa wa mbele, na hadi leo wenzangu wananisalimu wao kwanza. Mwaka huu ni Fatu. Hata kuku wanajua ni Fatu.

Jumbe Isihaka kaniita barazani. Isihaka ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemfuta kamasi mimi. Kaanza kwa mbali, habari za shamba, habari za mgongo. Kisha, shangazi, usikasirike. Wazungu wa Nachingwea watakuja kuangalia ngoma na kupiga picha. Mhindi wa duka la Ruangwa katoa majora mawili ya marikani. Wanaona afadhali yule mtoto mweupe awe mbele. Inapendeza.

Nikasema, inampendeza nani?

Kasema, shangazi, dunia imebadilika.

Nikamwambia, na wewe umebadilika, ulikuwa na akili. Fatu atakaa wapi? Kasema wa pili. Wa pili! Nyuma ya mtoto ambaye baba yake hata njia ya kuja haijui!

Nimerudi nyumbani. Fatu kaniuliza, bibi, ni kweli? Nimemgombeza kwa kuunguza mboga. Mboga haikuungua.

Jumamosi, 17 Julai 1954

Wameingia nyumba ya unyago leo. Mimi ndiye kungwi mkubwa, hilo hawakuweza kuniondolea.

Wembe umeanza kwa Dionisia. Mwanawetu kaziokota nywele moja moja, kazifunga kwenye kitambaa kama dhahabu ya Mhindi. Nikamwambia, shoga, ukimaliza kufagia sakafu naomba ufagie na uwanja.

Kisha nikawapaka udongo mweupe wa mtoni, uso mpaka kisigino, kama tunavyopakwa sote. Majina ya zamani tumeyaacha mlangoni, hakuna kuyataja. Macho chini, shuka kichwani, mdomo kimya mpaka siku ya kuoga. Nilipomaliza nikawatazama. Saba, weupe watupu, huwezi kujua yupi ni wa nani! Nikacheka peke yangu mpaka makungwi wenzangu wakaniuliza nina nini.

Mtoto wa Mgiriki nimempa mchi mzito kuliko wote. Katwanga. Hakulia. Ningependa alie kidogo.

Jumatatu, 26 Julai 1954

Lori limesimama kwa Jumbe. Bwana Mkonge mwenyewe! Mnene, kofia, shingo nyekundu kama jogoo. Yuko na tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kutoka Nachingwea, Myao mmoja, Abdalah.

Kauza mashamba yake, anarudi kwao Ugiriki. Kabla hajaenda anataka kumweka mtoto kwenye shule ya machotara, mbali huko Dar es Salaam, alelewe na Wazungu. Barua anayo. Abdalah katafsiri huku kaangalia chini: bwana anasema damu yake haiwezi kupakwa matope na washenzi porini.

Miaka kumi damu yake ilikuwa inapakwa uji. Hakuuliza.

Isihaka jasho linamtoka. Kwa woga kasema yote: mtoto wako mheshimiwa sana hapa, bwana, tumemweka mbele ya wenzake. Mgiriki kasema vizuri, kesho watolewe nje, nitamchukua huyo wa mbele.

Jioni Mwanawetu kaja kwa mlango wa nyuma. Hakukaa kwenye mkeka, kapiga magoti chini kwenye mavumbi. Dada Biasha, kasema. Dada! Tangu mwaka jana nilikuwa "yule". Dada Biasha, sina mwingine. Hajira kaniachia huyu tu. Nafasi ni yako, chukua nafasi yako, muweke Fatu mbele.

Nikasema, leo ndiyo yangu?

Kasema ilikuwa yenu siku zote.

Nilitaka neno hilo mbele ya watu, uwanjani, mchana. Kaja kunipa jikoni kwa kunong'ona, kama kiporo. Nikamwambia, inuka, unanichafulia sakafu.

Jumanne, 27 Julai 1954

Asubuhi nimewapaka tena wote, udongo mzito. Yule mtoto nimempaka kwa mkono wangu, mpaka nyuma ya masikio na kwenye kope. Anajua. Alinishika kidole. Nimekiondoa – halafu nikarudisha.

Nimempanga wa tano, katikati ya warefu. Fatu nimemwambia, leo wewe wa mbele. Mwali haongei, lakini mabega yaliinuka. Niliyaona.

Tukatoka. Likunja yote ipo. Saba kwenye mstari, shuka kichwani, macho chini. Wanawake wamenyamaza wote, hata wale waliosifu rangi ya asali. Mgiriki kamwambia Abdalah amchukue wa mbele. Abdalah karudi nyuma. Kasema, bwana, mwali haguswi na mwanamume, mimi nina watoto.

Basi Mgiriki kaenda mwenyewe. Kafunua shuka ya Fatu. Kaangalia. Kaita, Dionisia? Fatu kimya, ndivyo tulivyomfundisha. Kaangalia tena – hajui! Baba mzima hajui pua ya mtoto wake! Katoa leso mfukoni, kamshika kidevu mjukuu wangu, kamfuta shavu.

Weusi ukatokea.

Yule mtu kaachia kidevu kama kashika makaa ya moto. Leso kaitupa chini. Mkono kaufuta kwenye suruali, mara mbili, mbele ya watu wote. Kasema neno, na Abdalah hakulitafsiri.

Wanawake wamepiga ukelele. Sisi makungwi tumewafunika watoto kwa kanga zetu, tumewaingiza ndani. Nilimwambia Mgiriki kwa Kimwera jambo ambalo siliandiki hapa. Mwanawetu alisimama ubavuni kwangu, na yeye akaongeza la kwake.

Alhamisi, 29 Julai 1954

Hajaondoka. Kafungua kiti chake cha turubai, kakaa mbele ya nyumba ya unyago, hatua chache kutoka mlangoni. Anakunywa chai ya chupa. Kasema udongo unaoshwa, atangoja. Isihaka anataka Jumapili wanawali waoge, yaishe. Nimemwambia mimi ndiye kungwi, wataoga nikitaka. Kasema, shangazi, utawaweka mpaka lini? Sijui. Mwezi. Mpaka mvua.

Mwanawetu analala hapa sasa, mkeka mmoja na mimi. Anakoroma. Watu njiani wananiamkia kwanza. Mhindi kaniletea sukari. Wanasema Biasha kamzuia Mzungu.

Fatu hali.

Tangu juzi hajapakwa udongo mpya shavuni, anakataa, anageuza uso. Pale palipofutwa pameachwa vilevile. Leo mchana, wenzake wamelala, kanivuta kanga. Kavunja mwiko wa kusema. Bibi, yule mwingine ulimficha katikati. Mimi uliniweka ili nifutwe.

Nikamwambia, nilikuweka mbele, nafasi ya ukoo wako!

Kasema, umempaka yeye vizuri. Hata kope.

Nikamkaripia, nyamaza, mwali hasemi. Kisha kasema polepole, mimi nalijua jina lake. Nikiliita kwa nguvu kutoka hapa na kumwonyesha kwa kidole, atalisikia yule kwenye kiti.

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ulikwenda mpaka shavuni, ukakuta pale palipofutwa. Ukakaa tu.

Sasa kahamisha mkeka wake. Kaukokota mwenyewe mpaka mlangoni. Kakaa, magoti kifuani, jicho kwenye ufa. Nje kiti cha turubai kinalia kila Mgiriki akijigeuza. Dionisia anatwanga, haelewi, au anaelewa. Nimemwita Fatu aje ale. Nimemwita, wa mbele, njoo.

Hajageuka.