Mafuta ya Simsim ya Mama Wani

Mama,

Utanisamehe, leo nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni kwako.

Keji wetu, mjukuu wako, amevunjika mkono. Jumatano alipanda juu ya pipa la maji achungulie kwa jirani, akateleza. Nilimkuta amekaa chini, mkono umepinda juu kidogo ya kiganja kama si wake. Maneno yako yalikuja yenyewe: usivute, usikande, funga vile umeukuta. Nikapasua boksi la sabuni, nikaweka kitambaa laini ndani, nikaufunga, nikauning'iniza shingoni na ile leso yako ya maua mekundu. Nikambonyeza kucha nione kama damu inarudi. Ilirudi.

Hata sijainuka, nani anaingia? Mama Wani, rafiki yako, na chupa ya mafuta ya simsim, imeshapashwa moto. "Lete mtoto nimnyooshe kabla mfupa haujapoa."

Mama, si wewe ulifundisha mtaa huu wote huduma ya kwanza tuliporudi kutoka Kenya? Cheti chako bado kiko ukutani. Halafu bodaboda ikakuangusha pale soko la Custom, paja likavunjika, na wewe, wewe mwenyewe, ukalala kitandani ukamwacha Mama Wani akukande siku tatu. Nikakuomba twende hospitali. Ukaninong'oneza, "Amekuja na mafuta yake, nitamrudishaje?"

Hukumrudisha. Ukaenda wewe, bila kurudi. Mpaka leo sikuelewi.

Basi mimi nilimrudisha. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Malesh, samahani Mama Wani, huyu hakandwi." Akasema sina adabu, mama yangu hakuwa hivi. Nikamjibu, "Ndiyo, hakuwa hivi, na sasa hayupo."

Neno lilinitoka tu. Akaweka chupa chini. Nilidhani anaondoka, kumbe anaenda kusimamisha raksha ya kutupeleka hospitali. Akapanda na sisi, akaushikilia ule mkono njia nzima usitikisike, na mashimo ya barabara yetu unayajua.

Daktari anasema mfupa haukusogea sana. Plasta wiki sita, hakuna kupasua, na mkono utarudi sawasawa. Akauliza nani alifunga vizuri hivi. Nikasema mama yangu.

Jana Mama Wani alikuja tena, bila chupa. Akamshika Keji vidole, akambonyeza kucha moja moja kama alivyoniona nikifanya ndani ya raksha. Kisha akasema polepole, bila kuniangalia, "Nionyeshe ile ya boksi." Nikamwonyesha. Alilia, Mama. Mimi hasira haijaisha, lakini chai nilimpa.

Sasa pumzika. Plasta ikitolewa nitamleta Keji kaburini akupungie kwa mkono huo huo. Na nakuahidi hivi: mgeni akija kwangu atapata kiti na chai kama ulivyonilea, lakini mfupa wa mtoto wangu sitampa aukande, hata akinuna mwaka mzima.

Mwanao anayekupenda na kukukasirikia,
Poni