Kwa Dereva Wetu, Uliyekataa Kiti

"Mama, hilo usiliandike. Nakuomba. Andika alikuwa mcheshi, andika alipenda watu, inatosha," mkeo akasema.

"Mcheshi!" mama yako akasema, kalamu mkononi. "Kila mtu akishakufa anakuwa mcheshi. Soma hizo kumbukumbu za gazetini, hutamkuta hata mmoja aliyekuwa ananuna."

"Basi andika alikuwa ananuna. Lakini mambo ya Bodi yaache."

Ijumaa hii mwaka unatimia, dereva wetu, tangu ututoke saa nne asubuhi, wodi namba sita, kitanda cha dirishani. Na leo Jumanne, mama yako na mkeo walikuwa jikoni kwako wakigombana juu yako kana kwamba uko chumba cha pili unafunga kamba za viatu.

Jambo lenyewe unalijua. Wewe uliumia jeshini. Bodi ya Mafao ikaandika kwamba hukuumia jeshini. Familia imepewa mwaka mmoja tangu siku uliyofariki kukata rufaa kwa niaba yako, na mwaka huo unakwisha Ijumaa hiyohiyo. Ikipita, faili linafungwa, na waliyoyaandika humo yanabaki kuwa ndiyo maisha yako.

Mkeo hataki faili liguswe. Usimhukumu. Mwezi uliopita alikwenda kuuliza tu, na karani wa dirisha la tatu, bila hata kuinua macho, akamwambia, "Dada, faili likifunguliwa, linafunguliwa lote." Hakueleza zaidi. Mkeo alirudi na sentensi hiyo kama mtu aliyerudi na homa. Posho ndogo ya bintiyo, ile inayomweka shuleni, imo ndani ya faili hilohilo. Tangu siku hiyo mtu akigonga mlango mkeo hasemi "karibu". Anasimama kwanza, anasikiliza.

Na wewe ulikuwa hivyo, sasa tunaona. Uliporudi kutoka jeshini ulikaa na mgongo ukutani, uso mlangoni, hata ukila. Kitasa ulikikagua mara tatu. Lakini hukupenda mwenzio ashtuke. Kabla ya kuingia chumba chochote ulipiga mluzi, mfupi, kama wa mtu anayeita kuku, ili aliyemo ajue kuna mtu anakuja. Mama yako alikukemea miaka mingi: "Nyumba hii si kituo cha gari, acha miluzi!" Ukasema, "Natoa taarifa, afande." Leo bintiyo naye anapiga mluzi huo mlangoni. Mara ya kwanza alipoupiga, baada ya mazishi, mkeo aliangusha sahani.

Majirani wa gereji bado wanakutaja. Ulikuwa fundi wa breki, na gari halikutoka mikononi mwako mpaka ulizungushe mtaa mzima wewe mwenyewe, halafu ulipige boneti makofi mawili kama mtu anayeaga farasi. Mwenye gari akiwa na haraka ulimwambia, "Nenda, lakini nenda kwa miguu." Yule mama wa duka la vitambaa anasema mpaka leo hajapata mtu wa kumkatalia funguo zake mwenyewe.

Gereji hiyo ndiyo waliyoikamata. Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha chuma kama ukucha, kimekaa pembeni ya uti wa mgongo. Bodi ikasema mwombaji ni fundi, amezungukwa na vyuma, na kipande hicho kinaweza kuwa cha kazini kwake. Halafu wakaongeza kwamba jina lako halimo katika daftari la wagonjwa la siku ile.

Halimo, kweli. Lingekuwamo vipi? Gari la mbele lilipolipuka, wewe uligeuza lori lako, ukapakia waliolala chini, ukawapeleka kwenye hema la daktari, ukarudi, ukapakia tena. Safari tatu. Daftari lile liliandika waliolazwa. Aliyeshika usukani haandikwi. Ulidhani kinachotiririka mgongoni ni jasho.

Aliyetusimulia hayo ni Redio, mtu wa mitambo ya mawasiliano, uliyempakia safari ya pili. Jina alipewa kwa kazi, likamfaa kwa tabia, maana hana kitufe cha kuzimia. Alikwenda kukutolea ushahidi kwamba kiti chako kilikuwa kimelowa damu. Bodi ikajibu kuwa shahidi alikuwa amepoteza damu nyingi mwenyewe na kauli yake haiwezi kutegemewa. Alirudi hapa anacheka mpaka machozi. "Shemeji," akamwambia mkeo, "nimeambiwa sikuwa na akili timamu. Sasa huu mguu niliouacha kule, nani aliukabidhi?" Kisha akaacha kucheka. "Mimi walinipa haki yangu upesi. Mguu usiokuwepo unaonekana. Chuma kilichomo ndani ya mtu, nani atakiona?"

Haya yote yameshaandikwa kwenye rufaa. Redio ameandika upya, na daktari wa wodi namba sita ameandika kwamba chuma hicho kilikuwa na kovu la zamani kuliko gereji yako. Kilichobaki ni ukurasa mmoja tu, maelezo ya mtu wa nyumbani kuhusu hali yako siku ulipopimwa na Bodi. Ukurasa huo ulikaa mtupu kwenye droo ya vijiko miezi minne. Mkeo akadhani mama yako anauchelewesha kwa shughuli zake za udobi. Mama yako akamwacha adhani hivyo.

Asubuhi ya leo mkeo aliitoa ile barua ya uamuzi, akaiweka mezani, akabandika kidole kwenye mstari wa katikati.

"Soma hapa, Mama. 'Mwombaji ni nadhifu. Alisimama wima kwa muda wote wa usaili bila msaada. Alikataa kiti. Hatumii fimbo.' Hatumii fimbo! Mtu ambaye bila fimbo alikuwa hafiki chooni! Nitakwenda kusema nini mbele yao? Kwamba mume wangu aliwadanganya? Alijiponza mwenyewe kwa kiburi chake. Nilimwambia mpaka wodini: kiburi chako ndicho kimetufikisha hapa."

"Na yeye alisema nini?"

"Aligeukia dirishani."

Mama yako akaweka kalamu chini. Wewe unajua, hatetemeki kirahisi. Amefukuza wezi wa mashuka kwa mwiko. Lakini leo mikono aliiweka chini ya meza.

"Fimbo niliichukua mimi," akasema.

Mkeo hakuelewa.

"Siku ile. Wewe ulikuwa zamu ya asubuhi. Nilikuja kumtayarisha. Shati nilimpiga pasi mimi, na wanga juu. Ndevu nilimnyoa mimi. Alipofika mlangoni na fimbo yake nikamnyang'anya, nikaitupa nyuma ya kabati. Nikamwambia haendi mtu mbele ya wakubwa amejipinda kama kiango cha nguo cha waya. Nenda ukasimame kama mtu."

"Mama."

"Akasema, 'Sawa, afande.' Akacheka. Akaenda."

Mwanangu, tunayaandika haya ili wote wasome, kwa sababu wewe ulikataa kuyasema. Ulisimama dakika arobaini. Walikuambia kaa, ukajibu kama ulivyofundishwa kumjibu kila mkubwa tangu siku ya kwanza kambini, uwe mzima au umekatika vipande: niko sawa. Teksi ilipokurudisha, dereva alimwita mama yako aje akusaidie kushuka, maana ulikuwa umekaa umeshika mlango na hushuki. Shati lile lilikuwa limelowa mpaka kiunoni, wanga wote umeyeyuka. Alilifua siku hiyohiyo, akalianika, akalikunja. Barua ya Bodi ilipokuja, akaisoma mara moja, akanyamaza. Mkeo akakulaumu mwaka na nusu. Nawe ukaubeba mzigo wa mama yako kimya, kama ulivyowabeba wale wa kwenye lori.

Mkeo alisimama. Akaenda chumbani. Mama yako akabaki anasikiliza kabati likisukumwa, na tuseme kweli, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa Bodi yoyote. Aliogopa kwamba huyu binti atatoka na mabegi, amshike mtoto mkono, na nyumba hii ibaki na mluzi wa nani?

Alitoka na fimbo yako. Mama yako aliirudisha nyuma ya kabati baada ya mazishi, na vumbi lilikuwa limeifunika yote. Akaipangusa kwa upindo wa kanga yake, pole pole, kuanzia kishikio hadi chini. Kisha akailaza mezani juu ya barua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Wewe?"

"Mimi. Nimeogopa mwaka mzima. Nikiandika ukurasa ule watasema familia iliificha hali yake makusudi. Wanaweza kusema tuliidanganya Bodi. Wanaweza kuigusa posho ya mtoto, usidhani sijafikiria. Na nisipoandika, mwanangu anabaki mtu asiyetumia fimbo."

Mlangoni pakasikika mluzi mfupi, na bintiyo akaingia kutafuta soksi. Akawatazama wote wawili, akaitazama fimbo.

"Ya baba," akasema. "Mnaipeleka wapi?"

Mama yake ndiye aliyejibu.

"Dirisha la tatu," akasema. Akavuta droo ya vijiko, akautoa ule ukurasa mtupu, akausukuma mbele ya mama yako pamoja na kalamu. "Andika, Mama. Yote. Lakini safari hii usimpige pasi."

Mama yako aliandika palepale, kati ya chupa ya chai na kopo la sukari. Aliandika choo, ngazi, usiku wa kitasa, shati, wanga, fimbo, na mkono uliokunyang'anya ulikuwa wa nani. Hakunakili upya ili mwandiko upendeze. Palipokatwa pamebaki pamekatwa. Akatia sahihi, na mkeo akatia ya kwake chini yake.

Hawakungoja Ijumaa. Waliondoka na nguo za nyumbani, mama yako na gauni lililokunjika mgongoni, jambo ambalo wateja wake wa dobi hawatamsamehe. Wakapita kwa Redio, akavaa mguu wake wa bandia njiani.

Kwenye benchi la Bodi kulikuwa na wenzako kumi na mmoja. Redio akawahesabu kwa sauti. Wote wamenyooka. Wote wameng'arisha viatu. Mzee mmoja alikuwa ameuficha mkono wake mbovu ndani ya koti, akishikilia tabasamu. Mama yako alimtazama mzee yule mpaka akashindwa kuvumilia.

"Baba, huo mkono utoe. Uonekane."

"Nisionekane naombaomba, mama."

"Onekana unaumwa. Ndiyo uliyokuja kuyasema."

Akautoa. Ulikuwa unatetemeka. Akaulaza gotini, akautazama kama ndiyo kwanza anauona.

Dirishani karani alisoma ukurasa taratibu, na safari hii aliinua macho.

"Mama, una uhakika? Hapa unakiri. Nikishagonga muhuri siwezi kukurudishia."

Mkeo alimshika mama yako kiwiko. Mama yako akataka kumwambia twende, mwanangu, turudi nyumbani, tuna mtoto. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Gonga," akasema.

Muhuri ukapigwa, na wote watatu wakashtuka. Redio naye. Wewe ungekuwepo ungepiga mluzi kwanza.

Hatujui watasema nini. Walituambia miezi sita, pengine zaidi, na kwamba tutaandikiwa. Tumerudi nyumbani tunaogopa, hatufichi. Mkeo amekagua kitasa mara moja, akajikamata, akaenda kulala. Lakini fimbo hairudi nyuma ya kabati. Imesimama mlangoni, mahali ulipoiacha kila siku ukiwa mzima wa kutosha kuingia peke yako.

Wanaokukumbuka ni mama yako, aliyeandika haya. Mkeo, ambaye anaomba umsamehe kwa neno la kiburi. Bintiyo, anayetoa taarifa milangoni kama wewe. Dada yako na shemeji yako. Redio na wale wengine wa safari tatu walio hai. Na mafundi wote wa gereji, ambao mpaka sasa hawaruhusu gari litoke bila makofi mawili.

Hatutakusahau, siku zote tulizojaliwa.

Sasa keti, baba.