Kuulizia Houda kwa Kingereza

Jumatatu, 3/6/2024

Mi Atumani, fundi wa moteri hapa Buyenzi, niko na miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, na yule patron Mugiriki mwenye alinifundisha kazi. Vita nimeziona zikija, nimeziona zikipita — mi niko. Hata zile gari za Pejo tulikuwa tunasema haziwezi kufa, zimekufa. Mi niko! Shule nilifanya kidogo sana, lakini moteri ikipita barabarani nakwambia ugonjwa yake kabla shofere hajashuka. Hakuna mwingine Buyenzi. Kama iko, aje.

Sasa naanza Kingereza.

Ni kwa ajili ya Houda, mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu Sijaona. Mwaka jana alienda Arabuni kufanya kazi ya nyumba. Alikuwa anatupigia kwa telefone ya madamu wake. Tangu Ramadhani — kimya. Ofisi yenye ilimupeleka, mulango iko na kofuli. Kwa wakubwa nimeenda, wakaniambia: muzee, rudi nyumbani, tutakuita. Wataniita nikiwa kaburini. Tuko na kitu moja tu, namba ya yule madamu.

Na madamu hasikii Kiswahili, wala Kirundi, wala Kifaransa. Kiarabu yangu ni ya musikitini. Nilimujaribu nayo. Nikasoma yote yenye najua, akajibu "amin", akakata.

Jumanne, 4/6

Mwalimu anaitwa Namegabe. Mukongomani, kijana wa Bukavu, anafundisha Kingereza watu wenye wanangojea safari ya mbali. Tunakutana kwenye duka ya rafiki yangu Shakuru, anauza mapiesi, vipuri vya gari. Nilimwambia mwalimu: basi piga we mwenyewe, si unajua? Alipiga. Madamu akasikia sauti ya kijana mwanaume — tap, akakata! Anafikiri ni mupenzi wa mutumishi. Sauti ya muzee ndiyo anasikiliza kidogo. Basi ni mimi. Nani mwingine?

Somo ya leo. Kwao "iko" ni dea iz. Sawa. "Bado" ni stil. Sawa. Nikasema: Stil dea iz Houda.

"Apana, papa," mwalimu akasema, "stil inakaa nyuma ya iz. Dea iz stil."

Kwa nini? Sisi tunasema bado iko, tunasema iko bado, na kila mutu anasikia. Muzungu anaogopa nini?

"Ni kama buji, ile plagi ya moteri, papa. Iko na tundu yake. Ukiiweka pengine, gari haiwaki."

Huyu mutoto hajawahi kufungua moteri hata moja! Ananifundisha buji — mimi! Shakuru alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nimewaambia wote wawili: mi nitaweka stil mbele. Kitu ya muhimu inatangulia.

Alhamisi, 6/6

Nimepiga. Nilivaa koti. Nikasema kwa nguvu: Stil dea iz Houda! Madamu: "Wat?" Nikarudia, kwa nguvu zaidi. Akasema nou Houda, nou Houda, akakata.

Shakuru: "Atumani we, ulikuwa unauliza ao unamupa habari? Umemwambia Houda bado iko. Sasa akujibu nini, hongera?"

Nimemwambia auze mapiesi yake.

Sijaona alikuwa anasimama mulangoni, unga kwenye mikono. Angeuliza, ingekuwa afazali.

Ijumaa, 7/6

Leo mwalimu anasema ukiuliza, maneno yanageuka. Iz dea stil. Ah! Sasa stil iko nyuma ya dea! Juzi ilikuwa nyuma ya iz, na tuligombana kwa sababu hiyo. Nimegonga meza, vikombe vikaruka.

"Papa, stil haikutoka pahali yake. Ni iz imeruka mbele."

Nimefikiri njia yote ya kwenda kuswali. Ni kweli. Ni iz imeruka. Sitamwambia.

Jumapili, 9/6

Nilisema vizuri kabisa. Iz dea stil a gel Houda? Gel ni musichana. Kila neno pahali yake. Najua madamu alisikia, kwa sababu alikawia kujibu. Kisha polepole, kama mutu anaongea na kiziwi:

Dea woz neva eni Houda.

Woz najua, ni ya zamani. Neva sikujua. Nikamwangalia mwalimu. Alikuwa anaangalia chini, anachezea kifuniko ya kalamu yake ya biki.

Mutoto, sema.

"Neva, papa... nayo inakaa nyuma ya woz. Kama stil."

Sikuuliza inakaa wapi! Inasema nini?

"Inasema hata siku moja. Hasemi ameondoka, papa. Anasema Houda hakuwako. Tangu mwanzo."

Mi nilimupeleka uwanja wa ndege! Mi nilibeba valizi yake, na bega iliniuma wiki nzima! Alinishika mukono hapa, kwenye kovu ya radiateri, akasema babu jiangalie. Hakuwako?

Shakuru hakucheka.

Jumatatu, 10/6

Hakuna kitu. Sikula. Mwalimu alikuja, nikamwambia leo sina sikio.

Jumatano, 12/6

Sijaona alisikia sokoni kwamba iko musichana amerudi kutoka Arabuni, anakaa Kamenge. Tumeenda wote wawili. Anaitwa Patricia, anauza maandazi mbele ya nyumba ya mama yake. Mukristo, mupole, lakini macho yake yanaangalia nyuma yako kama iko mutu anamuita. Nikamueleza yote. Kwanza nikamueleza mi ni nani. Akangoja nimalize.

"Baba, ulimuulizia kwa jina gani?"

Houda. Jina yake.

"Hiyo ni jina ya kwenu. Kule madamu anakupa yake. Mi nilikuwa Salma. Mwenye alinitangulia alikuwa Salma. Nikiondoka walileta mwingine, naye Salma. Hawataki kusumbuka na jina mupya kila mara. Na kama jina yako ni ya mama yao, ao ya binti yao, ndio kabisa! Haiwezi kuitwa jikoni."

Nikasema: hapa kwetu hata mbuzi ya kununua tunaiacha na jina yake.

"Mbuzi haiitwi kuleta chai, baba."

Tulirudi. Karibu ya musikiti Sijaona akasimama katikati ya barabara, piki zikamupigia honi, hakusikia. Akasema: "Baba. Iko siku alipiga akicheka. Akasema, mama, hapa mi ni Nura. Nilifikiri wanamupenda. Nilifikiri ni jina ya mapenzi."

Nilitaka kumugombeza. Nikamushika mukono, tukavuka.

Ijumaa, 14/6

Patricia alikuja dukani. Yeye alijaribu kupiga kwa telefone yake — madamu akasikia sauti ya musichana, akafunga namba. Anaogopa watumishi kuambiana njia ya kutoroka. Basi tena ni mimi. Nimepiga.

Iz dea stil Nura?

Madamu akacheka! Si kicheko mubaya. Ya mutu amekaa vizuri, amekula. Akasema: Dea iz olweiz a Nura. Akaita mutu kwa Kiarabu, akakata.

Mwalimu akaruka. "Iko, papa! Olweiz ni siku zote! Siku zote iko Nura! Na umesikia imekaa wapi? Nyuma ya iz!" Mi nikamupiga Shakuru mugongo — nani alisema muzee hawezi Kingereza? Nani? Sijaona akakaa chini, juu ya karton ya mapiesi, akafunika uso kwa kitenge.

Patricia peke yake hakushangilia.

"Siku zote iko Nura," akasema. "Na kule kwangu siku zote iko Salma. Hata leo."

Mwalimu akachukua chaki. Akaandika olweiz kwenye kipande ya karton, akaiangalia, akaifuta na kidole.

Nimemuchukia huyu musichana mupaka jua ikashuka. Madamu angesema stil! Stil ningelala nayo. Madamu alichukua neno yangu, akaweka yake kwa pahali ileile, kwenye tundu ileile. Na mi na akili yangu yote siwezi kuitoa.

Jumapili, 16/6. Iddi

Tumeswali. Shakuru amechinja. Nikasema leo tunapiga, leo ni Iddi, hata mutu mugumu anajibu. Patricia hakuja, iko kanisani. Tulikuwa Sijaona, mwalimu, Shakuru na mi. Shakuru akaweka sauti inje, kila mutu asikie, telefone juu ya meza.

Idi mubarak, madamu. Akajibu vizuri. Mara ya kwanza!

Nikasema: Pliz. Nura.

Labda ni Iddi ilimushika, sijui. Akapiga kelele mbali ya telefone: Nura! Tukasikia kandambili zinakuja juu ya sakafu ya sima, mbio-mbio. Telefone ikapokewa. Pumzi.

Houda?

Apana. Sauti ingine. Nyembamba, ya mutoto kabisa. Akasema yeye Nura. Kingereza yake kidogo kama yangu. Sijui ni wa inchi gani, mwalimu naye hajui.

Nikauliza vile mwalimu alinitengenezea, jana tumeirudia siku nzima: kabla yako, kulikuwa Nura mwingine? Bifoo yu, woz dea anada Nura?

Sahani zikagongana, kama amefungua bomba ya maji na vyombo makusudi. Akasema maneno mbili tatu, maji ikameza yote. Nikauliza tena. Nikasahau iz, nikasahau dea, nikabaki kusema Houda, Houda, mutoto wangu Houda, na sauti ikanikatikia. Mi! Mbele ya watu!

Basi huyu mutoto akaleta mudomo karibu kabisa. Akasema chini-chini:

"Apana kulia. Apana kulia."

Si Kingereza. Si Kiarabu. Hata watu wa Dar hawasemi hivi. Ni ya hapa, ya nyumba zetu. Aliisema vibaya, ulimi unagonga, lakini bila kutafuta — kama kitu mutu alimwambia mara nyingi, mupaka ikaingia. Nani alimwambia? Huyu mutoto alikuwa analia lini? Na mwenye alimutuliza iko wapi?

Sauti ya madamu ikaja karibu. Tap.

Sijaona hakulia. Alinyanyuka, akachukua telefone juu ya meza bila kuomba, akaanza kupiga. Inaita, haipokelewi. Anapiga tena. Nyama imepoa, hakuna mutu anaigusa. Mi naandika hapahapa dukani, kabla watu hawajaanza kusema muzee wa miaka sabini na tisa anasikia vitu. Shakuru alisikia, na yeye ni mutu wa kunibishia kila siku. Mwalimu Namegabe alisikia, amekaa na mukono mudomoni. Sijaona alisikia kuliko sisi wote — watu wamuulize. Lakini si sasa. Sasa inaita.