Maneno Yako kwa Vinywa Vitatu

Baba, shikamoo huko uliko.

Najua utaguna kusikia mwanao anamwandikia marehemu barua, tena barua ya kusomwa na kila mtu. Guna tu. Lakini tangu tukuzike kuna jambo moja limenikaa rohoni, nalo ni hili: ulikufa ukiwa radhi nami, au ulikufa umenikasirikia? Niliwauliza watu watatu waliokuwa karibu na kitanda chako. Kila mmoja alinijibu lake.

Ulikuwa fundi cherehani pale kibarazani, mbele ya duka la vitambaa la Bwana Taherali, mtaa wa Biashara. Kila Jumatano jioni ulikunja futi yako, ukaenda kanisani kufundisha darasa la ubatizo. Wanafunzi wako walikuwa watu wazima: walinzi, wapishi, akina mama wanaouza viazi karai kule ufukweni Mama Ngina, waliofika bado wananuka mafuta. Mimi ulinibeba, maana mama alikwisha kututangulia, na mara nyingi nililala kwenye benchi la nyuma. Ulikuwa ukinirudisha nyumbani begani. Nilikuwa naamka njiani nikajifanya nimelala, ili usinishushe. Ulijua, sivyo? Najua ulijua.

Ulifundisha kwa mdomo mtupu. Hukumpa mtu hata kipande cha karatasi. Na Bwana Taherali, Mwislamu, Mhindi wa watu, rafiki yako kuliko hata wazee wa kanisa, ndiye aliyekutia ile tabia yako. Siku moja ulimsimulia kisa cha Yesu, naye akakuuliza huku anapima kitambaa, "Umepokea kwa nani?"

"Kwa mwalimu wangu, kule Rabai."

"Naye?"

Ukakwama. Akacheka, akasema kwao neno halina heshima mpaka ijulikane limepita vinywa gani. Wengine wangenuna. Wewe ulilipenda hilo, na Jumatano iliyofuata ukalifanya sheria ya darasa: hakuna kusema somo kabla ya kutaja limetoka kwa nani, naye kwa nani, mpaka kwa yule babu wa kwanza kubatizwa kwetu Rabai. Kutoka hapo mliruka moja kwa moja mkatua kwa Mitume. Nilikuwa na miaka tisa, na ule mruko niliuona. Nilipokuuliza tukitembea kurudi nyumbani, uliniambia, "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Kua, usome, uje unifundishe."

Basi nikakua, nikasoma. Nilikwenda Nairobi kusomea historia ya Kanisa la mwanzo, na lo, nikakuta wataalamu wazima na mvi zao wanagombania ule ule mruko! Injili nne, wanauliza, ziliandikwa na nani hasa? Je, majina yale yalikuwapo tangu mwanzo, au yaliwekwa baadaye? Maneno ya Yesu yalipita vinywani kwa miaka mingapi kabla ya mtu kushika kalamu? Wako wanaosema kulikuwa na mkusanyo wa semi zake uliopotea. Wako wanaosema haukuwapo kamwe. Wengine wanasema watu wa zamani walikariri vizuri, neno halikudondoka. Wengine wanasema kila kundi lilipunguza hapa na kuongeza pale kwa haja zake. Hawajamaliza mpaka leo. Nilifurahi, Baba, nikasema hili nitampelekea fundi wangu.

Nikalileta vibaya. Ilikuwa Jumapili, umewaalika wanafunzi wako sita chakula cha mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Yona ameketi kuumeni kwako. Huyu Yona ulikuwa umemchagua akurithi darasani. Mmoja wao akaanza kutaja vinywa kama ulivyomfundisha, na alipofika kwenye mruko, nikamkata. "Baba, na hapo katikati? Miaka yote hiyo, alipokea nani kwa nani? Hujui. Basi kwa nini unawafundisha kana kwamba unajua?"

Ukasema polepole, "Sidi, chukua sahani yako ukale jikoni."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita! Nikachukua sahani, nikala jikoni nikilia, na kesho yake asubuhi nilikuwa kituoni Mwembe Tayari napanda basi la kurudi Nairobi. Miaka miwili tukawa watu wa salamu tu. "Hujambo?" "Sijambo." "Mvua huko?" "Kidogo."

Halafu simu ya shangazi ikaja, nami nikafika ukiwa umeshakata roho tangu asubuhi.

Sasa sikia aibu yangu. Matangani, watu wameketi mikekani, mimi nikatoa daftari. Wallahi nilitoa daftari! Nikamwendea shangazi, dada yako, macho yamemvimba, nikamuuliza ulisema nini juu yangu. Akasema, "Alisema anakupenda sana." Nikamuuliza yeye alikuwa amesimama wapi, nani mwingine alikuwa chumbani, maneno yalikuwa hayo hayo au ni maana yake tu. Shangazi akanitazama. "Wee Sidi, umekuja kumlilia babako au kumpeleka kotini?" Nikamwendea Yona. Akasema, huku anatazama miguu yake, "Alisema urudi kanisani." Nikamwendea Bwana Taherali, aliyekuja na familia yake yote na sinia la chakula. Akanishika mkono tu. "Mwanangu, mimi ni mgeni katika hili. Waulize watu wa nyumba kwanza. Wakimaliza, na ukiwa bado una kiu, njoo dukani."

Sikwenda. Niliogopa. Nilirudi Nairobi na yale majibu mawili, nikayapima kama nilivyofundishwa. La shangazi lilikuwa tamu mno, na shangazi anapenda kila mtu alale vizuri. La Yona lilimfaa Yona. Nikayafuta yote mawili, nikabaki sina kitu. Nilikulilia usiku na mchana, nikakulaumu pia, nikasema mzee yule amekwenda na kinyongo chake.

Mwezi uliopita nilikuja likizo, na Yona akabisha hodi. Amekonda. Alikataa chai, alikataa hata kukaa.

"Sidi, sikukuambia lile la kweli. Mwalimu alisema hivi: 'Mwambie Sidi swali lake lilikosa adabu lakini halikukosa haki. Nilimfukuza mezani kwa kuwa sikuwa na jibu. Nawe Yona, liseme hilo mbele ya darasa.' Nami sikulisema kwako wala darasani. Nilihofu wataniuliza mimi, na mimi jibu sina."

Baba, katika kazi yetu kuna kanuni tunayoitumia tunapopima masimulizi ya kale. Neno linalomwaibisha anayelileta, elekea kuliamini, kwa sababu nani atazua jambo la kujivunjia heshima? Kanuni hiyo nimeiandika katika mitihani mara nyingi. Sikuwahi kuiona imesimama mlangoni, imevua viatu.

Hata hivyo nilikwenda dukani, maana shahidi mmoja hatoshi. Sikumwambia Bwana Taherali nimesikia nini. Nilimuuliza tu. Akaweka mkasi chini, akanisimulia yale yale, sentensi kwa sentensi, isipokuwa kwake halikuwamo lile la darasa. Badala yake alisema ulilia. Yona hakusema ulilia. Sijui yupi amesahau na yupi ameongeza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sina haja ya kujua.

Kwa hiyo ulikuwa radhi nami. Nimelisema kwa sauti peke yangu chumbani mwako mara kadhaa. Nimekusamehe lile la jikoni, Baba, ingawa ungeniambia hayo kwenye simu, jamani, miaka miwili! Simu ulikuwa nayo. Na mimi nilikuwa nayo.

Yona ameshaliambia darasa. Wawili waliacha kuja, wengine wamebaki na wanauliza maswali mpaka mlinzi wa kanisa anawafukuza. Ameniomba nije niwaeleze wataalamu wanabishana nini, nami nimekubali, kwa adabu safari hii.

Limebaki langu mimi, ambalo sijamwambia mtu. Siku ile mezani sikuuliza ili nijue. Jibu nilijua huna, ndiyo maana nilingoja wanafunzi wako wote wakae ndipo nikuulize. Nilitaka wakuone umeshindwa. Naona haya kuliandika hili mbele za watu, Baba, kwa hiyo liamini.

Lala salama, fundi wangu.

Mimi binti yako,
Sidi