Msalaba Ulionunuliwa Mapema

Uyole, Mbeya
3 Novemba 1957

Mpwa wangu mpendwa Isakwisa,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko mvua ya Rungwe. Hujambo huko Kitwe? Kifua hakikusumbui huko mgodini chini ya ardhi? Mimi mjomba wako bado nabeba gunia la viazi kwa bega moja, vijana wakitazama. Mama yako Tusajigwe ni mzima. Asiye mzima ni bibi yako Tupokigwe, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwezi wa Agosti nilipeleka viazi Iringa. Pale Mlandege kuna duka la Fanueli, fundi wa rangi. Mpwa wangu, siku hizi misalaba imekuwa kama sufuria. Imetundikwa katikati ya vioo na mafuta ya nywele. Midogo ni ya masikioni, wasichana wasiobatizwa wanajipima wakicheka. Mikubwa ni ya makaburini, ya bati, rangi ya dhahabu, na malaika wawili wa plasta.

Nikaona mama yangu mimi Yotamu hawezi kuja kulala chini ya vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Nikachukua ule mkubwa kuliko yote. Fanueli akauliza, "Niandike jina na mwaka, mzee?" Nikamwambia andika vyote. Nilidhani ni kama juu ya mlango wa nyumba, tunapoandika mwaka ilipojengwa. Akaandika TUPOKIGWE 1957.

Njiani uling'aa mpaka pale Chimala lori zima likatoka barabarani kutupisha, dereva akidhani ni taa za gari la Gavana. Muulize yeyote.

Nikauficha darini nyuma ya mahindi. Mwezi uliopita bibi yako akapanda mwenyewe kutafuta mbegu, maana unajua hatumi mtu. Na kusoma anajua. Akashuka bila mbegu. Tulipokaa kula akasema, "Yotamu, mtu akikununulia msalaba wa kaburi hujaugua, anakungoja au anakusukuma?"

Tangu hapo hagusi chakula cha nyumbani kwangu. Anakunywa uji kidogo tu wa mama yako, na amekonda. Kila asubuhi nasimama mlangoni kwake nisikie kama anakohoa. Mwaka huu haujaisha, mpwa wangu, na mimi ndiye niliyeuandikisha.

Nimeukwangua ule mwaka kwa kisu. Dhahabu imebanduka, kumbe chini yake ni debe la mafuta ya taa. Fanueli hataki kuupokea, ati una jina la mtu. Mzee wa kanisa Jailos anasema kuuvunja hathubutu, maana ni msalaba hata hivyo. Basi umo bandani kwenye viazi, na mimi niliyefukuza chui kwa kofia sasa namtuma mke wangu aingie.

Jana bibi yako alisema neno. Babu yako alipozikwa, vijana wa nyumbani walikata mti wa ua wake mwenyewe, wakaunga msalaba huku wakilia. Naye ataka vivyo hivyo siku yake ikifika, kwa mkono wako. Kisha akauliza kama utakuja Krismasi.

Omba ruhusa, mwanangu. Akikuona atakula, na mwaka huu utapita naye yupo.

Mama yako anakusalimu, na mke wangu Lusia, na mdogo wako Saulo aliyekwisha kunipita kimo. Mungu akushike huko shimoni na njiani pia.

Usituletee kitu cha dukani. Njoo na mikono yako tu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Yotamu