Maneno ya Ilona Niliyoyameza Madhabahuni

Jumatatu alasiri, Tukuyu mjini. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na haya manyunyu ya Julai hayanyeshi wala hayaachi. Nina baridi ya miguu na aibu ya mwili mzima.

Nimekaa kwenye mkahawa mpya wa intaneti. Nilipokuwa mtoto chumba hiki kilikuwa duka la ushirika, na mama alinishika mkono humu tukipanga foleni ya sukari. Siku hizi ushirika hamna, sukari iko kwenye kila kibanda, na hapa panauzwa muda wa kompyuta. Mashine yangu inajikokota. Afadhali, maana sina haraka ya kufika mwisho wa habari hii.

Kwa ambao hamnijui: mimi ni mmisionari. Ndiyo, mimi, Atupele, mtoto wa kijiji cha Kawetele. Zamani Wazungu walitujia huku na Biblia zao, na sasa kanisa letu dogo la mabati limenituma mimi kwao. Nilikwenda Hungaria kusoma. Nilipomaliza, wazee wakaniwekea mikono na kuniambia nibaki huko, niwahubirie wanafunzi wa chuo kikuu. Akina mama wanaochuma chai hujinyima ili mimi nilipe pango la chumba. Bibi yangu, aliyenilea, hufunga kila Ijumaa kwa ajili ya wanafunzi ambao hajawaona na ambao majina yao hawezi kuyatamka.

Na nimezaa nini? Nitasema ukweli, maana jana niliusema uongo vya kutosha. Miaka yote hii hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeokoka mikononi mwangu. Wanakuja chumbani kwangu, wanakula maharage yangu, wanabishana nami kuhusu Mungu kwa adabu, wanashukuru, wanaondoka. Wengine hawarudi.

Ilona alirudi. Anasomea famasia, ni mpole, ana maswali mengi, na kicheko chake huchelewa kama cha mtu anayeomba ruhusa kwanza. Likizo hii aliniomba nije naye nyumbani. Nikaruka kwa furaha, na nitakiri kwamba sikufurahi kwa ajili yake. Nilifurahi kwa sababu hatimaye nitakuwa na mtu wa kuwaonyesha.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa.

Jana kanisani mchungaji alimwita mbele atoe neno, na mimi nikapanda kutafsiri. Kiingereza cha Ilona humkimbia akiogopa, kwa hiyo alisema kwa lugha yake. Sasa fikiria mwenyewe: Kihungaria, katika wilaya nzima ya Rungwe, nani anakijua? Mimi peke yangu, nikiwa na kipaza sauti mkononi.

Alisema hivi, na nayaandika yote kwa sababu jana niliyameza:

"Mimi bado siamini, na sijui kama nitaamini. Lakini baba yangu alipofariki, huyu dada alikuja kwetu kijijini na blanketi lake, akalala sakafuni karibu na mama yangu mpaka tulipozika. Hakuhubiri. Kwetu hakuna mtu anayefanya hivyo. Nimekuja kuwaona watu waliomfundisha."

Lazima nieleze kuhusu ile sakafu. Mnaotoka huku mnajua kwamba kwenye msiba watu hulala chini na wafiwa, haliulizwi. Niliposikia baba yake Ilona amekufa sikufikiri mara mbili, nikabeba blanketi nikapanda treni. Kumbe kule maiti iko hospitalini, watu wanakwenda kazini kama kawaida, kila mmoja analia chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa. Mimi nikajilaza kwenye zulia la sebuleni. Mama wa watu akaniuliza kama naumwa. Akanionyesha kitanda, nikakataa. Akanitazama muda mrefu, halafu akaleta mto wake akalala pale chini pembeni yangu. Niliporudi mjini nilijiona mshamba wa kutupwa. Sikumwambia mtu yeyote huku nyumbani, hata Bibi. Mmisionari mzima anapelekwa Ulaya kuhubiri, anakwenda kulala kwenye zulia la watu!

Kwa hiyo Ilona alipolitaja mbele ya kanisa zima, uso ulinishuka. Na lile neno "siamini" likanipiga kifuani. Niliwaona akina mama wamenyoosha shingo. Nilimwona Bibi kwenye benchi la mbele, viganja vimefunguka mapajani, anasubiri.

Nikafungua mdomo. Nikasema: "Ndugu zangu, nilikuwa gizani, sikumjua Mungu. Dada huyu akaniletea Neno lake. Leo nasimama mbele yenu nikisema, nimeokoka."

Angalieni na hiyo "dada huyu". Hata kwenye uongo nilijitafutia kiti.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Mama Lusajo, kiongozi wa akina mama, akafungua kitenge chake akakitandika chini. Wa pili akatandika, na wa tatu, mpaka vikafika mlangoni na kutoka nje kwenye majani yaliyolowa. Bibi alivua kile cha mabegani, chake cha sikukuu, akakiweka karibu kabisa na miguu ya Ilona. Ilona akaniuliza kwa kunong'ona kama ni sawa kukanyaga. Nikamwambia kanyaga. Akavua viatu, akapita juu ya nguo za mama zangu akilia, na wao wakimwimbia.

Mimi nilipita pembeni, nikiambaa na ukuta. Mama Lusajo akanivuta nami nikanyage, nikasingizia tope kwenye viatu.

Kisha mchungaji akasimama na kutangaza kwamba Jumapili ijayo binti huyu atabatizwa mtoni, chini ya mashamba ya chai. Ilona akaniuliza wanashangilia nini tena. Nikasema wamefurahi umekuja.

Huo ulikuwa uongo wa pili. Wa kwanza ulitoka kwa woga, lakini huu niliusema kwa utulivu kabisa, na ndio unaonitisha.

Mchana wote watu walimiminika nyumbani. Mikungu ya ndizi, maziwa mgando, jogoo aliyefungwa miguu. Bibi akampa mgeni jina, Tusajigwe, yaani tumebarikiwa, na Ilona akalirudia mpaka likamkaa ulimini. Nilikaa jikoni nikimenya ndizi za mbalaga ambazo zilikuwa zimeshatosha, ili tu nisikae nao sebuleni.

Leo asubuhi nimemkuta Bibi ameinama kwenye sanduku lake. Ametoa gauni jeupe, lile alilolitunza azikwe nalo. Anampima Ilona mabegani, anaweka pini kwenye pindo, anasema kwa Mungu hatakosa lingine. Ilona anacheka akidhani ni zawadi ya matembezi.

Nilishindwa. Nikamwita Bibi jikoni, nikamwambia kwamba yale ya jana hayakuwa maneno ya Ilona, yalikuwa yangu.

Hakushtuka kama nilivyotegemea. Akakaa kwenye kigoda, akasogeza kuni, akauliza, "Alisemaje, basi?"

Nikamweleza neno kwa neno. Nilipofika kwenye sakafu akaninyamazisha kwa mkono.

"Ulilala chini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa watu wasio ndugu zako? Kwenye baridi ile?"

"Ndiyo."

Nilidhani sasa nitatukanwa, na nilitamani nitukanwe. Badala yake akasema taratibu, "Kumbe ulituletea kitu, gwe mwana. Mbona umetunyima?"

Nilifikiri nawaficha aibu, kumbe nilikuwa nimewafungia kabatini kitu pekee ambacho kazi yangu yote imezaa. Na kilikuwa chao. Nani alinifundisha kulala chini kama si wao?

Kisha akaniuliza kama binti anajua akina mama walitandika kwa ajili ya nini. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Kamwambie. Ningekwenda mwenyewe, lakini sina lugha yake. Wewe ndiye unayo."

Nikatoka na Ilona kuja mjini, nikikusudia kumwambia njiani. Barabara ilikuwa tupu, ukungu umetufunika, nafasi ilikuwa nzuri kabisa. Nikavuta pumzi. Akaniwahi.

Akasema hajalala usiku kwa kuwaza. Akasema kwao, ukitaka kukaribishwa kanisani lazima kwanza ukubaliane nao, hata kama ni kwa kudanganya kidogo. "Lakini mimi niliwaambia wazi kwamba siamini," akasema, "na wakavua nguo zao nikanyage. Atupele, sikujua kama kuna watu wa namna hiyo duniani. Kama Mungu yupo, nadhani anafanana na hao mama."

Nikasema, "Angalia, kuna tope hapo."

Hilo ndilo nililosema. Angalia, kuna tope.

Sasa mnaelewa nilipokwama. Miaka yote namwomba Mungu amguse mwanafunzi mmoja. Huyu hapa ameguswa, na kilichomgusa ni uongo wangu. Nikimwambia ukweli, nitawavua akina mama ule uzuri aliowaona nao, na nitajivua mimi nao. Atajua kwamba vitenge vile vilitandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, niliyemtunga mimi. Huenda akapanda basi la Mbeya kesho. Huenda asikanyage tena chumbani kwangu, wala kanisani popote.

Nisipomwambia, Jumapili nitamwingiza mtoni akiwa amevaa gauni la maziko la Bibi, asijue anafanyiwa nini. Hiyo siwezi. Nimeanguka, ila sijafika huko.

Na kuna swali linalonisumbua kuliko yote. Je, kama ningetafsiri sawasawa, wangetandika? Mama Lusajo, Bibi, wale wengine, wangemsikia mtoto wa watu anasema siamini, lakini mlimfundisha huyu kulala chini na mama yangu. Wangefanyaje? Nikimkumbuka Bibi leo jikoni, nadhani ninajua. Lakini kudhani hakutoshi. Niliwanyima nafasi ya kuonyesha wao ni watu gani, kwa sababu sikuwaamini. Nimewahubiria Wahungaria juu ya imani miaka yote hii, na mimi mwenyewe sikuwa na imani na mama zangu wa Kawetele.

Jioni hii nitapita kwa mchungaji, afute ule ubatizo. Na kama Ilona atakubali, jambo ambalo sina haki hata ya kuliomba, Jumapili nitasimama tena pale mbele, aseme upya alichosema, na mimi nitatafsiri kila neno, pamoja na sakafu, pamoja na "siamini". Kisha nitanyamaza nione vitenge vinakwenda wapi.

Lakini kwanza yeye.

Namwona kupitia dirisha. Amekaa kwenye benchi chini ya upenu, amejifunga kitenge cha Bibi, anakula hindi la kuchoma. Mama mmoja anayepita amemsalimia, naye amejibu kwa Kinyakyusa chetu, "Ndaga!" kwa sauti ya juu, akacheka kile kicheko chake kinachochelewa.

Nimeamua jambo moja, ili nisipate pa kukimbilia. Haya niliyoandika nitayahifadhi tu. Sitayachapisha mpaka nitoke nje, nikae naye kwenye lile benchi, nimwambie yote kwa lugha yake, halafu nirudi humu kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo, kama unayasoma haya, ujue ameshayasikia.